Viungo vinavyopita kiasi: mazoezi ya kuvipa nguvu bila kuvivuta

Mimi ni mchoraji hina. Wateja wangu ni mabibi harusi wa Mji wa Kale, Bondeni na Majengo, hapa Mombasa, na msimu wa harusi ukipamba moto hukaa mkekani tangu alasiri hadi usiku, mguu wa mtu pajani mwangu na koni ya hina mkononi. Viungo vyangu karibu vyote hupita pale vinapopaswa kukomea. Viwiko hupinda kinyume, magoti hurudi nyuma nikisimama, na ncha za vidole hujikunja kwa nyuma nikibonyeza kitu. Haya nawaandikia wenzangu waliozaliwa hivi, ambao sasa maungo yawauma na kila mtu awaambia wajinyooshe. Msijinyooshe. Someni kwanza.

Jipime mara moja, kisha uache

Kipimo kinachotumika hospitalini kina alama 9 na huitwa kipimo cha Beighton, kwa jina la Peter Beighton, daktari ambaye mwaka 1973 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupima viungo vya Watswana huko Afrika Kusini. Huhitaji chombo chochote. Rudisha nyuma kidole cha mwisho cha mkono: kikipita nyuzi 90, alama 1 kwa kila mkono. Vuta kidole gumba kuelekea kigasha: kikigusa, alama 1 kwa kila mkono. Nyoosha kiwiko: kikipinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, alama 1 kwa kila mkono. Magoti nayo hupimwa hivyo hivyo, alama 1 kwa kila mguu. Mwisho uiname bila kukunja magoti, na viganja vizima vikilala sakafuni upate alama 1.

Mtu mzima hadi miaka 50 akipata alama 5, viungo vyake vyahesabiwa kuwa vyapita kiasi. Mtoto ambaye hajabaleghe hutakiwa 6. Aliyepita miaka 50 hutakiwa 4, maana umri nao hukaza mwili. Andika alama zako mahali, basi. Usiufanye mchezo wa kuwachekesha watu sebuleni, kwa sababu kila unapovipeleka viungo mwisho, wavivuta tena.

Alama nyingi pekee si maradhi. Wako watu tele, hasa watoto na wanawake, na hasa Waafrika na Waasia, ambao wapinda watakavyo na hawajui maumivu. Yawa shida pale kunapokuwa na kuteguka mara kwa mara, maumivu yasiyoisha, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, au kizunguzungu ukisimama ghafla. Tangu 2017 madaktari huzigawa hali hizi mafungu mawili makuu: aina ya Ehlers-Danlos (kundi la maradhi ya kurithi yanayoulegeza mwili) inayohusu viungo, na wigo mpana wa matatizo ya viungo kupita kiasi. Aina hiyo ya Ehlers-Danlos haina kipimo cha damu cha kuithibitisha. Hutambuliwa kwa kukuangalia, kukugusa na kuuliza habari za ukoo wenu. Kwa upande wa mazoezi, usisumbuke sana umewekwa fungu gani, kwa kuwa njia ni moja.

Chanzo ni kolajeni, ile nyuzinyuzi inayoupa mwili uimara. Kwetu sisi imeumbwa tofauti, kwa hivyo kano zinazofunga mfupa kwa mfupa hulegea, mfano wa mpira wa suruali uliochoka. Mpira ule huwezi kuukaza tena, lakini waweza kuvaa mshipi, na mshipi wenyewe ni misuli. Ndiyo maana dawa yetu kubwa ni nguvu, wala si kunyoosha.

Katikati iko wapi?

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalochukua muda. Mtu mwenye viungo hivi hahisi sawasawa kiungo chake kiko wapi. Mwili humwambia "umenyooka" ilhali keshapita. Kwa hivyo akifanya mazoezi mazuri kabisa ya mtandaoni, ayafanya viungo vikiwa vimejifunga mwishoni, na misuli haifanyi kazi yoyote. Yanayobeba uzito ni yale yale makano yaliyolegea.

Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyenifunza ni kijana wa makamo ya mdogo wangu. Alianza kwa kuniambia, "Dada, simama kawaida."

"Ndivyo nilivyosimama, daktari."

Akaleta kioo kirefu, akakiweka ubavuni mwangu. Magoti yangu yalikuwa yamerudi nyuma kama upinde, tumbo limetoka mbele, uzito wote uko visiginoni. Akanigusa nyuma ya goti kwa kidole kimoja, "Legeza hapa. Kidogo. Kidogo tena. Hapo." Kwenye kioo mguu ulikuwa umenyooka kama wa mtu yeyote. Mimi nilihisi nimechutama! Mapaja yakaanza kutetemeka pale pale, maana yalikuwa hayajazoea kunibeba.

Fanya hivyo nyumbani. Simama ubavu kwa kioo cha kabati, miguu wazi kiasi cha upana wa nyonga, uzito uwe katikati ya wayo. Rudisha goti nyuma taratibu, kisha lilegeze hadi kioo kioneshe mstari ulionyooka. Liache hapo huku wahesabu hadi 10. Kisha fumba macho, legeza kila kitu, tafuta tena pale pale, fumbua uangalie kama umepapata. Huko kufumba na kufumbua ndiko kunakoufunza mwili. Fanya vivyo hivyo kwa kiwiko, mkono ukiwa umeuelekeza mbele. Ukiwa na mtu nyumbani wa kukugusa kwa kidole mahali panapojifunga, ni bora zaidi, maana mguso hufunza haraka kuliko maneno.

Mazoezi ya miezi ya kwanza

Kaida zangu ni chache. Kila zoezi lifanywe polepole, lisifike mwisho wa kiungo, na lisimame pale umbo linapoharibika hata kama hesabu haijatimia. Anza na mara 8, pumzika, mara 8 tena, siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Misuli huhitaji wiki 6 hadi 12 kabla hujaona tofauti ya maana, kwa hivyo usikate tamaa wiki ya pili. Ukitaka kuongeza, ongeza kitu kimoja tu: ama hesabu, ama uzito, ama siku.

Anza bila kusogeza kiungo. Kaa kitini, nyoosha mguu lakini goti lisijifunge, kaza msuli wa mbele ya paja ukihesabu hadi 5, legeza. Kwa bega, simama karibu na ukuta, kiwiko umekikunja, sukuma ukuta kwa ngumi bila mwili kwenda popote. Nguvu ndogo tu, robo ya uwezo wako. Sukuma mbele, kisha ubavuni, kisha nyuma kwa kiwiko. Bega linalotoka mahali pake kila mara huanzia hapo, wala si kwenye kunyanyua vyuma.

Kisha uende kwenye kuinuka na kukaa. Chukua kiti kigumu, cha juu kidogo kwanza, inuka bila mikono huku magoti yakielekea vidole vya miguu wala yasiingie ndani, na ukifika juu usiyafunge. Zoezi hili moja lafaa kuliko mengi, na laweza kufanywa hata dukani mteja akikawia. Lala chali mkekani, magoti umeyakunja, inua nyonga hadi mwili uwe mstari kutoka bega hadi goti; mgongo usipinde juu zaidi, maana twapenda kupinda. Lala ubavu, magoti umeyakunja, fungua goti la juu huku visigino vimegusana. Utahisi kwenye tako la juu. Ukihisi mbele ya nyonga tu, basi umejilaza nyuma, jirudishe.

Kusukuma ukuta kwa mikono miwili hufuata, ila kuwa macho na viwiko. Vikijifunga mwishoni mwa kila msukumo, umepoteza zoezi. Mimi nilifungiwa utepe wa hospitali kwa ndani ya kiwiko ili univute nikitaka kupitiliza, na baadaye haukuhitajika tena.

Mwisho ni kusimama kwa mguu mmoja kwenye mlango, mikono ikiwa tayari kushika mbao za pande mbili. Goti liwe laini. Ukiweza kuhesabu hadi 30 bila kuyumba sana, jaribu ukipiga mswaki. Na kupanda juu ya vidole vya miguu, ukishika ukuta, vifundo vya miguu visiyumbe kwenda nje. Hapo ndipo tunapoteguka tukishuka ngazi.

Maumivu ya msuli siku ya pili ni kawaida. Yakipita siku mbili, au yakiwa ndani ya kiungo chenyewe, au kiungo kikivimba, dozi ilikuwa kubwa. Punguza nusu, lakini usiache.

Mikono, kwa wanaoitumia kupata riziki

Vidole vyangu ndivyo vinavyonilisha, kwa hivyo hapa nina mengi. Koni ya hina ni nyembamba, na kitu chembamba hulazimisha kidole kubonyeza kwa ncha, na ncha huvunjika kinyume. Naikunja koni kwa kitambaa cha pamba mara kadhaa hadi ipate unene wa karoti changa, naifunga kwa mpira. Fundi cherehani aweza kufanya hivyo kwa mkasi wa kukatia uzi, mwalimu kwa kalamu, mpishi kwa mpini wa mwiko.

Zoezi ni hili: gusanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada ufanye duara kamili. Angalia kiungo cha mwisho cha kila kidole. Kikibonyea ndani, duara limekuwa jicho. Punguza nguvu hadi duara lirudi, kisha bonyeza polepole bila kulivunja. Endelea na vidole vingine. Kikishindikana kidole kimoja, fizio aweza kukutengenezea pete ya plastiki inayokizuia kisipite, na pete hizo huvaliwa kazini tu, sio kutwa.

Kila nusu saa simu yangu hulia nami hunyanyuka. Mama wa bibi harusi mmoja alinijia juu: "Mwanangu, wasimama tena? Magari ya bwana harusi yako njiani!" Nikamwambia, "Mama, nipe dakika tano, mkono ukitetemeka nitamharibia ua." Alininunia, lakini ua lilitoka zuri. Ukikaa mkekani, badilisha upande, weka mto chini ya tako, na usikae miguu imetupwa pande mbili kama watoto wanavyopenda. Nyonga na magoti hujisokota.

Jikoni, mbuzi wa nazi ni adui wa kifundo cha mkono. Kama lazima ukune, kifundo kiwe kimenyooka na nguvu zitoke begani. Mimi siku hizi nanunua iliyokunwa kwa mashine sokoni, na mamangu akisema tui lake si tui, namwachia akune yeye.

Sala

Mara tano kwa siku twapata nafasi ya kufanya mazoezi, au ya kujiumiza. Katika kisimamo magoti ndiyo hujifunga bila wewe kujua, kwa hivyo ukishafunga sala yalegeze kidogo. Katika rukuu viganja vishike magoti bila kuyasukuma nyuma. Kwenye sijida, sambaza uzito kwenye kiganja kizima na vidole, viwiko visijifunge ukishuka wala ukiinuka. Kikao cha tahiyatu kikiuma vidole vya mguu, mkeka mnene husaidia. Asiyeweza ana ruhusa ya kusali kitini, na tarawehe ni sunna, sunna yaruhusiwa kusaliwa kwa kukaa hata na mwenye afya. Mwezi wa Ramadhani mazoezi mazito nayasogeza baada ya futari, nikishakunywa maji ya kutosha, kwa sababu kizunguzungu chetu huzidi mwili ukikauka.

Bahari

Wenzetu wa Ulaya hulipia mabwawa ya maji yaliyopashwa moto ili wafanye mazoezi ya viungo. Sisi tuna Bahari ya Hindi, na tunaipitia kwa tuktuk tukienda Nyali kununua sufuria.

Maji ya kimo cha kifua hubeba uzito wako mwingi, hukinza mwendo kila upande, na hukuambia mwili wako uko wapi kwa kuugusa wote. Mimi huenda ufuo wa Jomo Kenyatta, pale watu wapaita Pirates, asubuhi ambapo watu ni wachache. Angalia maji: yakiwa yamepwa utatembea mbali juu ya mawe kabla ya kuyapata ya kifuani, na wakati wa kusi mawimbi ni makali na mwani ni mwingi. Kaskazi ndiyo hutulia zaidi. Vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino. Tembea mbele, nyuma, ubavu. Sukuma maji kwa viganja, viwiko laini. Wanaojua kuogelea wajihadhari na ule mtindo wa kupiga miguu kama chura, kwa sababu huzungusha magoti na nyonga.

Njiani

Kandambili, au champali kama twavyoziita, humlazimisha mtu kung'ang'ania kwa vidole vya miguu na kifundo hakina msaada. Ziachie bafuni. Kwenye matatu usining'inie kwa mkono mmoja juu. Breki moja yatosha kulitoa bega. Kaa, au shika kwa chini kiwiko kikiwa kimekunjwa. Kwenye feri ya Likoni, ule mteremko ushuke kwa hatua fupi, na ukisimama katika umati weka mguu mmoja mbele ya mwingine, magoti laini, uwe karibu na chuma cha kushika. Badala ya mkoba, vaa begi la mgongoni lenye mikanda miwili. Ndoo ya maji iwe mbili ndogo badala ya moja kubwa.

Na chakacha? Cheza. Nyonga zina misuli yake na zapenda kazi. Ila usishindane na wasichana kushuka chini kabisa.

Kwenda kwa fizio

Hospitali Kuu ya Pwani ina idara ya tiba ya viungo, na hospitali nyingi za binafsi kisiwani zinayo pia. Usiseme "mgongo waniuma" ukanyamaza, utatibiwa mgongo. Taja vyote: kinachouma, kilichowahi kuteguka, nani mwengine katika ukoo apinda kama wewe, kama watokwa na alama ngozini kirahisi, kama wachoka. Onyesha alama ulizopata kati ya zile 9. Wanawake, vaeni suruali nyepesi chini ya dera ili magoti yaonekane. Muombe apime nguvu na usawa wa mwili, maana akipima tu umbali kiungo kinakofika atakuambia uko sawa kuliko yeye. Na akitaka kukunyoosha, muulize kwa adabu ni msuli gani umekaza na kwa nini. Wakati mwingine msuli hukaza kwa sababu ndio pekee unaozuia kiungo kisitoke.

Hapo hapo niseme habari ya wakandaji. Kupakwa mafuta ya nazi ya vuguvugu na kusuguliwa misuli polepole hakuna ubaya, mimi mwenyewe napenda. Kuvutwa viungo hadi vilie, au kusokotwa shingo, hapana kabisa. Na nyinyi wanaume, kinyozi akimaliza ndevu akashika kichwa chako akitaka kukuvunja shingo, mshike mkono.

Nenda kwa daktari bila kungoja fizio kama kiungo kimetoka na hakirudi, kama kimevimba, kina joto na homa, kama miguu imekufa ganzi au mkojo haushikiki, kama wazimia, kama kifua chauma ghafla. Mtu mrefu sana mwenye vidole virefu, au ambaye katika ukoo wao watu wamekufa ghafla wakiwa vijana kwa kupasuka mshipa mkubwa wa damu, achunguzwe moyo kabla ya kuanza mazoezi. Mjamzito amwambie mkunga mapema, kwa sababu homoni za mimba hulegeza kano zaidi na nyonga ndizo huumia.

Na ukienda kung'olewa jino, mwambie daktari kabla hajachoma sindano kwamba kwa baadhi yetu ganzi haishiki vizuri au huisha haraka, ili angoje na apime kabla ya kuanza. Muombe pia akupe mapumziko ya kufunga mdomo kila baada ya muda. Taya nalo ni kiungo, na likiachwa wazi muda mrefu huteguka kama bega.